UZI: SNK ya Osaka, kampuni iliyoishi kwa sarafu ya mwenye kibanda

MzeeKatriji (Kampala), mleta uzi:

Wakuu, salaam. Juzi humu watu wamebishana magemu ya kupigana, Tekken na Mortal Kombat, mpaka uzi ukafungwa, na katika kurasa zote zile hakuna aliyeitaja SNK, watengeneza magemu ya video wa Japani. Nimeshangaa. Vijana wa Katwe na Kisenyi wanamtambua Iori, yule wa The King of Fighters (KOF), kwa mwendo wake tu, lakini ukiwauliza katengenezwa na nani, jibu ni "Wajapani". Leo nawaletea hao Wajapani. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tubishane vizuri. Capcom (wa Street Fighter) walikuwa na mafundi wakali zaidi, na Namco (wa Tekken) walikuwa na fedha. SNK walimjua mwenye kibanda cha magemu kuliko wote. Walipanda mgongoni kwake, na siku alipofunga kibanda wakaanguka naye.

Kampuni ilianza Osaka mwaka 1978, mwanzilishi ni Eikichi Kawasaki, jina kamili Shin Nihon Kikaku. Miaka ya mwanzo haina mengi ya kusimulia: magemu ya kurusha risasi kama Vanguard (1981), halafu Ikari Warriors (1986), makomandoo wawili msituni, fimbo yake ilikuwa inazungushwa kama kifundo cha redio ili kulenga. Kukawa na Athena mwaka huohuo, na Psycho Soldier mwaka 1987. Shikeni majina matatu tu hapo: Ralf, Clark, Athena. Tutakutana nao.

Sasa nyama. Mwaka 1987, Osaka hiyohiyo, Capcom wanatoa Street Fighter ya kwanza. Si ile mnayoijua, ile ya pili. Ya kwanza ilikuwa ngumu, nzito, hadouken (ule mpira wa nguvu wa mikononi) inatoka siku ikipenda. Aliyeiongoza ni Takashi Nishiyama, akiwa na Hiroshi Matsumoto. Nishiyama huyo ndiye alikuwa ametengeneza Kung-Fu Master akiwa kampuni ya Irem mwaka 1984. Baada ya Street Fighter, wote wawili wakahamia SNK.

Kwa hiyo mwaka 1991 Osaka ikazaa ndugu wawili wa baba mmoja. Capcom, kwa mikono ya waliobaki, wakatoa Street Fighter II. SNK, kwa mikono ya waliohama, wakatoa Fatal Fury: Terry Bogard na kofia yake nyekundu, mdogo wake Andy, rafiki yao Joe Higashi, na adui wao Geese Howard, tajiri wa mji wa South Town aliyemuua baba yao. Nishiyama mwenyewe amewahi kusema kwenye mahojiano kwamba kwake Fatal Fury ndiyo iliyokuwa mwendelezo wa Street Fighter. Hivyo anayesema SNK waliiga Capcom, namwomba kwanza aangalie nani aliondoka na mbegu.

Naendelea baadaye, nafunga duka.

AfandeMstaafu (Jinja):

Kijana, nimesoma. Lakini usituzungushe. Street Fighter II ilikuwa na wapiganaji wanane wa kuchagua, Fatal Fury watatu tu. Hao ndugu wa baba mmoja, mmoja alinyimwa chakula?

Dada_Busia:

Nimeweka mkeka hapa. Mzee ukifika kwa King na Mai, wale wanawake wa ulingoni, niite, nina maneno.

MzeeKatriji:

Afande, shikamoo. Ni kweli, watatu tu, na Street Fighter II iliipiku Fatal Fury kwa kila kitu ndani ya ulingo. Hilo silipingi. Ila SNK ushindi wao haukuwa ndani ya ulingo. Ulikuwa ndani ya boksi la mashine.

Hapa naomba mnisikilize polepole, ndiyo roho ya uzi huu.

Kabla ya 1990, mwenye kibanda Japani au Marekani alinunua gemu kama bodi nzima ya umeme. Vijana wakilichoka, anafungua mashine, anatoa bodi, anatafuta nyingine, anabadili vibandiko na pengine vitufe. Gemu likibuma, hela imekwenda. Kwa mtu mwenye mashine mbili tatu pembeni ya duka la soda, bodi moja mbovu ni msimu mzima wa hasara.

Mwaka 1990 SNK wakaleta Neo Geo, na ile ya vibandani iliitwa MVS. Mashine unanunua mara moja. Gemu jipya likitoka unanunua katriji tu (kasha lenye gemu ndani), unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, dakika chache watoto wanaendelea. Zaidi ya hapo, kulikuwa na mashine zenye nafasi ya katriji moja, mbili, nne, hadi sita, na mchezaji anachagua mwenyewe gemu gani sarafu yake iende. Mashine moja, eneo moja la sakafu, magemu sita. Mwenye duka dogo ambaye hangeweza kupanga mashine sita ukutani, sasa anazo.

Na ndani ya mashine hakukuwa na maajabu. Ubongo ni Motorola 68000, ile iliyokuwa kwenye kompyuta nyingi za wakati ule, kwa kasi ya megahezi 12, na Z80 ya kushughulikia sauti. Ubingwa ulikuwa kwenye katriji, zilikuwa kubwa kupita kiasi. Ukiwasha, skrini inajigamba "MAX 330 MEGA", yaani megabiti 330. Walikuja kuupita mpaka huo wenyewe: Garou, gemu lao la mwaka 1999, ni megabiti 688.

Kulikuwa na toleo la nyumbani pia, AES, linaendesha gemu lilelile la kibandani bila kupunguzwa chochote. Marekani liliuzwa dola 649.99, na katriji moja karibu dola 200. Ndiyo, katriji MOJA. Likabaki kuwa toy ya watoto wa mabosi.

FundiKatwe:

Mzee umegusa kazi yangu, niruhusu niongeze. Kuna jamaa alileta katriji ya MVS kutoka Dubai, anataka ijaribiwe. Nikaifungua. Ndani bodi mbili zimelaliana, zimejaa chipu, na kila chipu ina herufi. P ni programu yenyewe. C ni picha za wapiganaji. V ni sauti. M ni programu inayoendesha sauti. S ni maandishi yale ya juu, mstari wa maisha na saa. Ukiona picha ya mpiganaji imekatika mistari lakini saa inaonekana vizuri, moja kwa moja unajua tatizo ni C au miguu yake, unasafisha kwa spiriti, unarudisha. Mashine chache zinamwambia fundi ugonjwa wake namna hiyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawajui: Neo Geo haina mandhari ya nyuma kama mashine nyingine. Mlima, umati wa watu, treni inayopita, vyote ni vipande vya picha virefu vilivyopangwa wima bega kwa bega, hadi karibu 380 kwa wakati mmoja. Na mashine inaweza kupunguza picha, kukuza haiwezi. Ndiyo maana kwenye Art of Fighting, wapiganaji wakikaribiana wanakuwa wakubwa ajabu. Hawajakuzwa. Walichorwa wakubwa tangu mwanzo, ni wanapoachana ndipo wanapunguzwa.

MzeeKatriji:

Fundi, Mungu akupe wateja wanaolipa. Hilo la kupunguza picha hata mimi nalikabidhi kwako.

Tuendelee na Art of Fighting, 1992. Ryo Sakazaki, nguo ya karate ya rangi ya chungwa, anamtafuta dada yake Yuri. Gemu lenyewe ni zito kucheza, nakiri silipendi, lakini lilileta mambo matatu ambayo leo kila gemu la kupigana linayo au limeyachezea. Kwanza, mstari wa nguvu: ukitumia mapigo maalumu hovyo unaisha, mpira wako unatoka mdogo kama kipira cha tenisi. Pili, pigo kuu la siri linalomaliza mtu. Tatu, nyuso zinavimba. Unamaliza raundi, mwenzako jicho limefunga, damu puani.

Na dhihaka! Ukimdhihaki mwenzako kwa kitufe, mstari wake wa nguvu unapungua. Watu wa Osaka waliweka matusi kwenye hesabu.

Capcom wakaona Ryo amefanana mno na Ryu na Ken wao. Kisasi chao kilikuja mwaka 1995 kwenye Street Fighter Alpha: Dan Hibiki. Nguo ya pinki, nywele na sura za Ryo na rafiki yake Robert zimechanganywa, mpira wake unafika urefu wa mkono halafu unakufa. Kampuni nzima ilimtengeneza mpiganaji dhaifu makusudi, kuwacheka majirani. Leo Dan ana mashabiki wake, jambo ambalo halikupangwa na yeyote.

Dada_Busia:

Umepita kwa King bila kuniita. Nilijua.

King alianzia humohumo Art of Fighting, anacheza mapigo ya Kithai, amevaa suti, kila mtu anadhani ni mwanamume. Ukimmaliza kwa pigo maalumu shati linachanika, ndipo unajua ni mwanamke. Walidhani ni utani. Mimi nasema bahati yao mhusika alikuwa mzuri kuliko utani wenyewe, maana KOF '94 ilipotoka wakampa timu yake: King, Mai, Yuri, wanawake watatu, timu kamili. Mwaka ule nani mwingine alikuwa na timu nzima ya wanawake? Kwenye Street Fighter, Chun-Li alikuwa mwanamke peke yake mpaka Cammy alipokuja.

Ila kuhusu nguo za Mai tusidanganyane. Huyo alivalishwa kwa ajili ya wateja fulani. Hapa Busia mama mwenye kibanda cha PlayStation alikuwa akigeuza uso kila Mai akishinda. Nampenda kumchezea, feni yake ya mbali inasumbua watu, lakini siwezi kumcheza mbele ya baba mkwe.

AfandeMstaafu:

😂😂 Binti umenimaliza.

MtotoWaBunia (Nsambya):

Yaya Busia umesema kweli. Sisi Bunia tulikuwa tunamwita "wa feni" tu, jina lake hatukulijua. Kaka mkubwa alikuwa anakataza kumchagua, halafu sisi tukilala anamchagua yeye.

Mzee, unafika lini kwa KOF? Hayo mengine ni supu, tunangoja ugali.

MzeeKatriji:

Ugali huu hapa, ila niwape kijiko kimoja cha Samurai Shodown kwanza, 1993. Wakati kila mtu anashindana kuongeza kombo ndefu (mapigo ya mfululizo), SNK walileta panga. Pigo moja zito likikupata, theluthi ya maisha imekwenda. Kwa hiyo watu hawakimbiliani. Wanasimama, wanapimana, mmoja anajifanya anakuja, mwingine anarudi nusu hatua. Mchezo wa kusubiri. Kama hujawahi kucheza, tafuta ile ya 2019, haikuacha desturi hiyo.

Haya, KOF.

Agosti 1994. SNK wana wapiganaji wa Fatal Fury, wana wa Art of Fighting, wana makomandoo wa zamani Ralf na Clark, wana Athena. Wakawatia wote kwenye chungu kimoja: The King of Fighters '94. Timu nane, kila moja watu watatu, jumla 24. Bosi ni Rugal, muuza silaha mwenye meli, anayewageuza walioshindwa kuwa masanamu.

Tazameni hesabu ya watatu kwa watatu kwa jicho la kibanda. Kwenye Street Fighter mtoto asiyejua anaweka sarafu, anapigwa raundi mbili, dakika haijaisha katolewa, anaondoka na hasira. Kwenye KOF anapigwa mtu wa kwanza, anao wawili bado. Hata fundi wa mtaa, yule anayeshinda kila siku, mtu wake wa kwanza anachoka, maisha yanarudi kidogo tu, na mgeni anaweza kumng'oa mmoja. Mtoto anaondoka akisema "nilimtoa mmoja". Kesho anarudi. Mwenye kibanda anakula.

Na kila mwaka toleo jipya. Katriji mpya, mashine ileile.

'95 wakaruhusu kuchanganya timu upendavyo, na wakamleta Iori Yagami, adui wa Kyo Kusanagi, shujaa wa KOF: moto wa zambarau dhidi ya moto mwekundu, koo mbili zenye uhasama wa miaka zaidi ya mia sita. '96 ikabadilisha miguu: kukimbia, kukwepa kwa kubiringika, kuruka kimo kifupi. Ile ruka fupi ndiyo KOF hasa. Kidole kinagusa fimbo juu na kuachia kabla hujafikiri, mtu anakupitia kichwani kwa urefu wa kiuno, na teke lake linatua wewe bado umeshika kuzuia chini. '97 ikafunga hadithi ya adui mkuu Orochi, na ikawa ugonjwa China na Amerika ya Kusini hadi leo wanaishindania. '98 haina hadithi kabisa, hata waliokufa wamerudi, na wengi (nikiwemo) tunaiona ndiyo bora.

BodaWaArua:

Mkuu swali. Mashine hizo za MVS hapa kwetu hazikuwepo. Sasa sisi tulimjuaje Iori?

MzeeKatriji:

Swali zuri, na jibu lake ni CD. Binafsi sijawahi kukuta MVS ikifanya kazi Kampala. KOF tuliipata kwenye PlayStation ya kwanza, CD za kuchoma kutoka Kikuubo, baadaye PlayStation 2, baadaye emuleta (programu inayoiga mashine) kwenye kompyuta na simu. Mtu analipia mechi, mshindi anabaki, mshindwa anatoka.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaona mtu akilisema. SNK walitumia vitufe vinne: A ngumi nyepesi, B teke jepesi, C ngumi nzito, D teke zito. Capcom walitumia sita. Sasa chukua pedi ya PlayStation. Vitufe vya usoni ni vinne, vile vya alama. KOF yote inakaa pale: mraba, msalaba, pembetatu, duara. Street Fighter inabidi upande mabegani, R1 na R2. Na nyie mnajua pedi za vibandani zikoje. Vya mabegani ndivyo vya kwanza kufa. Nimeona pedi ambayo R1 imefungwa kwa mpira wa baiskeli isidondoke. Kwenye pedi ile Ryu anakosa pigo zito, lakini Iori yuko mzima na viungo vyake vyote.

Gharama yake ilikuwa kungoja. Katriji inasoma papo hapo, CD haisomi hivyo, na PlayStation ya kwanza ina kumbukumbu ya megabaiti mbili tu, wapiganaji sita hawaenei. Kwa hiyo kila mmoja akitolewa, skrini nyeusi, lenzi inakwaruza, watu wanapiga soga. Na picha nyingi za mwendo zilikatwa. Ukilinganisha na ya katriji, nguo ya Kyo haipepei vizuri.

FundiKatwe:

Lenzi inakwaruza 😂 Halafu mwenye kibanda anaigeuza PlayStation kichwa chini ndipo isome. Tulizifanya sana hizo.

AfandeMstaafu:

Ndiyo maana Tekken ikashinda. Wapiganaji wawili, wanaingia, wanapigana, wanatoka. Hakuna kungoja. Tekken 3 hata asiyejua anabonyeza Eddy anashinda. Mzee unawasifu SNK kwa kumjua mwenye kibanda, lakini kibanda cha Uganda kilimchagua Namco.

MzeeKatriji:

Afande, hoja hiyo nzito, na sina la kuipinga kwa upande wa kwetu. Kibanda cha CD ni kibanda kingine, na SNK hawakukijenga wao. Ndipo tunafika kwenye anguko.

Waliiona dalili mapema wakatibu vibaya. Mwaka 1994 walileta Neo Geo CD ili nyumbani iwe nafuu, kisomeo chake cha polepole kikawachosha watu kuliko hata hizo PlayStation zetu. Mwaka 1997 wakatoa Hyper Neo Geo 64 ya kupambana na akina Tekken kwa picha za pande tatu. Ikapata magemu saba tu ikafa. Wakatengeneza mashine ndogo ya mkononi, Neo Geo Pocket, ya rangi ikaja 1999, tamu kweli, ila ilikuwa inasimama mbele ya Game Boy yenye Pokémon. Mwaka huohuo wakafungua bustani ya burudani Tokyo, Neo Geo World. Kampuni inayodaiwa inafungua bustani!

Na mafundi wao hawakuwa wamechoka hata kidogo, hilo ndilo linaniuma. Garou: Mark of the Wolves ilitoka Novemba 1999, SNK wakiwa karibu na kaburi, na ni moja ya magemu mazuri zaidi ya kupigana yaliyowahi kuchorwa kwa mkono. Terry amekuwa mtu mzima, kofia ameiweka kando, amemlea Rock, mtoto wa Geese, mtoto wa muuaji wa baba yake. Ukizuia pigo katika sekunde ileile linapofika, badala ya kuumia unarudishiwa maisha kidogo. Mwendelezo ulianza kutengenezwa, ukakatika.

Januari 2000 kampuni ya mashine za kamari, Aruze, ikainunua. Walichotaka ni sura za wahusika waziweke kwenye mashine za kamari. Nishiyama akaondoka, akaanzisha Dimps. Ofisi ya Marekani ikafungwa mwaka huo. Oktoba 2001, SNK ikafilisika rasmi.

MtotoWaBunia:

Sasa KOF 2001 na 2002 nani alitengeneza? Maana hiyo 2002 ndiyo tulicheza hadi CD ikatoboka.

MzeeKatriji:

Kawasaki. Mwanzilishi. Alikuwa ameshafungua kampuni nyingine pembeni, Playmore, ikanunua haki za magemu yote kwenye mnada wa kufilisika. KOF 2001 na 2002 walishirikiana na Wakorea wa Eolith kwa sababu fedha haikuwepo. Wakamshtaki Aruze kwa kutumia wahusika bila ruhusa, wakashinda. Mwaka 2003 kampuni ikajiita SNK Playmore. Katriji rasmi ya mwisho ya Neo Geo ilikuwa Samurai Shodown V Special, 2004. Mashine ya mwaka 1990 ilikuwa bado inapokea magemu mapya miaka 14 baadaye. Waliobaki na mashine hizo vibandani, hasa China na Amerika ya Kusini, ndio walioibeba.

Na wezi pia. Kuanzia '99 SNK walifunga katriji kwa siri za kompyuta, lakini katriji za wizi zilitoka ndani ya muda mfupi, nyingine zimeongezewa mambo: KOF 2002 Magic Plus ni ya wezi, kila mtu anarusha mapigo makuu kama mvua. MtotoWaBunia, ukikumbuka Iori anarusha moto angani bila kukoma, ulicheza ya wizi.

MtotoWaBunia:

Ndiyo hiyohiyo!! Nilidhani ni ufundi wangu.

MzeeKatriji:

😂 Hapana ndugu yangu.

Yaliyofuata nafupisha. KOF XII (2009) ilichorwa upya kwa mkono, picha nzuri, gemu halijaiva. XIII (2010) ikaivisha, na nadhani haitatokea tena kampuni kuchora wapiganaji kwa gharama ile. Mwaka 2015 Wachina wa Ledo Millennium wakanunua zaidi ya asilimia 80 ya hisa, mwaka uliofuata jina likarudi kuwa SNK, ikatoka KOF XIV ya pande tatu, sura mbaya, mchezo mzuri. Aliyeongoza magemu ya kipindi hiki ni Yasuyuki Oda, aliyekuwa kwenye Garou zamani, akaondoka, akapita Dimps, akarudi 2014.

Na Dimps ile ya Nishiyama? Capcom walipotaka kufufua Street Fighter mwaka 2008, waliotengeneza Street Fighter IV pamoja nao ni Dimps. Mtu aliondoka na mbegu mwaka 1987, akairudisha baada ya miaka ishirini na moja.

Dada_Busia:

Na Waarabu je? Usiwakimbie.

MzeeKatriji:

Siwakimbii. Mwaka 2020 EGDC, kampuni ya taasisi ya MiSK ya mwanamfalme Mohammed bin Salman, ilinunua theluthi ya hisa, na kufikia 2022 ilikuwa na asilimia 96. KOF XV ikatoka Februari 2022, na ndani yake kuna Dolores wa Mali, angalau Mwafrika wa Magharibi kafika ulingoni. Aprili 2025 ikaja Fatal Fury: City of the Wolves, yaani mwendelezo wa Garou uliokatika. Miaka 25! Na ndani yake wakamtia Cristiano Ronaldo. Anapiga mpira. Simo.

Dada_Busia:

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Unasikitikia Ronaldo kama vile kabla yake palikuwa pasafi. Fedha ya Aruze ilikuwa ya kamari. Ya sasa ni ya mtoto wa mfalme, na watu wana haki ya kuuliza ya nini, maana nchi ile ina mambo yake na magemu yanasafisha jina. Lakini bila fedha hiyo hupati Garou yako. Ukiicheza, cheza ukijua.

Na wadogo zangu wawili ambao hawajawahi kusikia habari za Terry waliipakua kwa ajili ya Ronaldo. Sasa wanabishana nani mkali, Rock au Terry.

AfandeMstaafu:

Mimi mwenye fedha simjali. Mechi za mtandaoni za kutoka Jinja zinakatika, hilo ndilo swali.

FundiKatwe:

Afande, KOF XV na City of the Wolves zinatumia mfumo wa kurudisha nyuma: mashine inakisia utakachobonyeza, ikikosea inarekebisha haraka. Ukipata mtu wa Nairobi au Kigali na bando lisiloyumba, inachezeka. Mtu wa Japani usijaribu. Tumia waya, usitumie waifai ya jirani.

BodaWaArua:

Mimi nina simu tu. Nianze na ipi?

MzeeKatriji:

KOF '98. SNK wenyewe wanaiuza kwenye duka la simu, mfululizo unaitwa ACA NeoGeo, bei ndogo. Chagua Terry, Ralf, na mmoja wa moyo wako. Jifunze pigo moja kwanza: chini, chini-mbele, mbele, ngumi. Likitoka kila ukilitaka, ndipo ugeukie upande wa pili ulifanye ukitazama kushoto, huko ndiko watu wote wanakwama. Iori mwache kwa sasa.

MtotoWaBunia:

Usimsikilize. Anza na Iori.